Mtungi upo uvunguni, mkaa upo jikoni

Kuna mama anauza chakula karibu na stendi ya daladala huku Buguruni, mi hula kwake mara tatu nne kwa wiki, wali maharage na kipande cha samaki siku ambayo mfukoni si pabaya. Aliwahi kupata mtungi wa gesi wa kilo sita kwa nusu bei, ile mitungi ya ruzuku. Miezi ikapita namuona bado anapepea mkaa, nikamuuliza, mama vipi ile gesi? Akacheka. "Mwanangu mtungi upo, upo uvunguni. Uliisha siku ya nne."

Siku ya nne. Hapo ndo pa kuanzia, maana ukisikiliza mijadala ya tabianchi na biashara ndogo za chakula utadhani shida ni elimu, kwamba hawa akina mama hawajui madhara ya moshi, waitwe semina wapewe fulana na soda waelimishwe. Huyu anajua kuliko mimi na wewe, macho yanayotoka machozi tangu saa kumi na moja alfajiri ni ya kwake.

Hebu tupige hesabu, ya mfano tu, bei zinatofautiana mtaa na mtaa. Tuseme kwa siku anatumia mkaa wa 7,000. Tuseme tena aachane na kale kamtungi ka kilo sita achukue wa kilo 15, kujaza ni 58,000, na kwa mapishi yake unamkalisha siku tisa. Gawanya, inakuja 6,400 na chenji kwa siku. Yaani gesi ni nafuu! Anaokoa kama 500 na kitu kila siku, mwezi wa siku 26 za kazi ni elfu 14 hivi. Mtaalamu akifika hapa kwenye slaidi zake anafunga kompyuta anasema biashara imekwisha, hamieni gesi.

Sasa ngoja. Mtaji wake wa kuamkia wote ni kama elfu 80. Humo kuna mchele, maharage, mafuta, nyanya, vitunguu, samaki, na hela ya bajaji ya kubebea. Akitoa 58,000 leo kujaza gesi, kesho anapika nini? Mkaa yeye anachukua wa 3,000 alfajiri, akishauza chai na chapati za kwanza anamtuma kijana achukue wa 2,000, mchana wa 2,000 mwingine, na siku ikiwa mbaya muuza mkaa anamwandikia kwenye daftari atalipa kesho. Mkaa unalipwa na sahani zilizoshauzwa, gesi inalipwa na sahani ambazo hazijapikwa. Tofauti yote iko hapo, na haipo kwenye slaidi.

Halafu kuna mambo ya jiko lenyewe ambayo asiyepika hawezi kuyajua. Ule mtungi wa kilo sita jiko lake linafungwa juu ya mtungi, ukiweka sufuria la watu watano sawa, ukiweka sufuria la kulisha watu sitini linacheza kama meza ya mguu mmoja, na ugali wa kilo tano husongi juu ya kitu kinachotikisika, utaunguza mtu. Anatakiwa jiko la chuma la kukaa chini, mpira mrefu, regyuleta ya presha, hiyo ni hela nyingine ambayo ruzuku haikuitaja. Na wali je? Wali wa mama lishe unapaliwa, makaa yanawekwa juu ya kifuniko ukauke taratibu juu na chini. Gesi haina cha kupalia.

Sasa tuje kwenye neno kubwa. Siku hizi kila andiko la mradi lina "mpito wa haki". Maana yake kwa ufupi ni kwamba dunia ikihama kutoka nishati chafu kwenda safi, gharama ya kuhama isimwangukie yule asiye na uwezo na ambaye hata hakusababisha. Ni wazo zuri, ila ukijua lilikotoka utaelewa kwa nini kwa mama lishe linapwaya. Lilitoka kwa vyama vya wafanyakazi Marekani. Kulikuwa na kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa mafuta na kemikali anaitwa Tony Mazzocchi, hoja yake ilikuwa kwamba kiwanda kikifungwa kwa sababu ya mazingira, mfanyakazi aliyekuwa anaenda kazini kihalali tu asiachwe barabarani, uwepo mfuko wa kumlipa na kumsomesha kazi nyingine. Wazo likasafiri mpaka likaingia kwenye utangulizi wa Mkataba wa Paris wa 2015. Mwaka 2021 kwenye mkutano wa dunia wa tabianchi kule Glasgow, Afrika Kusini ikaahidiwa na nchi tajiri dola bilioni 8.5 za kuanzia kuachana na umeme wa makaa ya mawe, na mjadala mkubwa ukawa wachimbaji na mitambo ya Mpumalanga, mkoa wa makaa ya mawe, itakuwaje.

Umeona? Kote huko kuna kiwanda, kuna mwajiri, kuna chama, kuna hati ya mshahara. Unamjua nani kapoteza nini, unaweza kumfidia. Mama wa Buguruni yeye ndo mwajiri, ndo mfanyakazi, ndo mdhamini wa mkopo wake mwenyewe kupitia kitanda na tivii. Ukimbana kwenye mkaa hakuna fomu atakayojaza kwamba amepunguzwa kazi, atauza sahani chache tu, halafu siku moja utapita utakuta pale pamekaa muuza chaji za simu.

Na hoja ya "hakusababisha" si ya kuzugia. Afrika nzima inatoa chini ya asilimia 4 ya hewa ukaa ya dunia. Kwa hiyo mi binafsi sipendi kabisa lugha ya kumwambia mama lishe ahame mkaa ili kuokoa sayari. Sayari haijaharibiwa na maharage yake. Ahame kwa sababu moshi unamuumiza yeye, mkaa unazidi kupanda bei, na misitu inayokatwa ndo inayoshika maji ya mito tunayokunywa na kumwagilia. Takwimu za serikali yetu zinasema Tanzania inapoteza hekta kama 469,000 za misitu kwa mwaka, si zote kwa ajili ya mkaa, kilimo kimo sana, lakini mkaa umo. Na vifo vinavyohusishwa na moshi wa jikoni serikali inavitaja kuwa zaidi ya 33,000 kwa mwaka. Hizo ni sababu zake yeye, zinatosha.

Serikali nayo haijalala, tuseme ukweli. Mei 2024 ukazinduliwa mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, lengo ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Mwezi huohuo Rais Samia akawa mmoja wa wenyeviti wa mkutano mkubwa kule Paris wa nishati safi ya kupikia Afrika, zikaahidiwa dola bilioni 2.2. Taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku, mashule, majeshi, magereza, zikaambiwa ziache kuni na mkaa. Mitungi ya ruzuku ikasambazwa kwa maelfu mikoani. Yote hayo ni hatua. Ila angalia yanamlenga nani: kaya upande mmoja, taasisi upande wa pili. Mama lishe yuko katikati, anapika kama taasisi lakini ana mfuko wa kaya. Kamtungi ka kilo sita ni ka kaya. Jiko kubwa la gesi la shule ya bweni si lake. Hana kundi.

India walishapita njia hii. 2016 walianza mpango wa kuwapa familia maskini gesi, mamilioni ya mitungi ikatoka, picha zikapigwa, halafu ikaja kuonekana wengi hawarudi kujaza, au wanajaza mara chache kwa mwaka na katikati wanarudi kwenye kuni. Kugawa mtungi ni kazi ya siku moja, kujaza ni kazi ya maisha.

Kuna upande mwingine wa hii habari ambao unasahaulika, kwamba tabianchi haimsubiri mama ahame, yenyewe inamfuata sokoni. Mvua za El Niño za 2023 kuingia 2024 unazikumbuka, Rufiji ilivyofurika Aprili 2024 mashamba yakalala chini ya maji, mwanzoni mwa Mei kikaja kimbunga Hidaya huku pwani, barabara ya kusini ikakatika. Barabara ikikatika tenga la nyanya linaruka bei. Sasa mama lishe hawezi kuruka nalo, wateja wake ni bodaboda na makonda, sahani imezoeleka 2,500, akisema 3,000 wanahamia kwa jirani. Kwa hiyo anafanya nini? Anapunguza nyanya anaongeza maji, kipande cha samaki kinakuwa cha kuonjesha, faida inaliwa kimyakimya. Hiyo hasara haimo kwenye ripoti yoyote ya maafa.

Ukitaka kuiona vizuri zaidi nenda kanda ya ziwa kwenye mialo, zile fukwe wanaposhushia dagaa. Dagaa wa Ziwa Victoria wanaanikwa na jua, na kazi hiyo kwa sehemu kubwa ni ya wanawake. Jua likiwa kali wanakauka siku moja, wanapakiwa kwenye magunia, wanasafiri mpaka Congo. Mvua ikipiga mchana mzigo ukiwa chini umekwisha, wanageuka rangi, wanaanza kunuka, unauza kwa bei ya chakula cha kuku. Na mvua siku hizi hazifuati kalenda waliyoachiwa na mama zao. Dawa ya kwanza wala haina maajabu, ni chanja, meza ya miti na wavu unaoinua dagaa kutoka mchangani, hewa inapita juu na chini, wanakauka haraka na hawana mchanga, na mchanga ndo unaomkera mteja wa mjini. Dawa ya pili ni vikaushio vya hema la plastiki vinavyoteka joto la jua. Chanja ni mbao, misumari na nyavu, inawezekana. Hema ni hela. Na hata chanja ina swali lake: mwalo ni wa nani? Ukijenga chanja ishirini halafu uongozi wa mwalo ukabadilika ukaambiwa uhame, unabeba meza mgongoni?

Ila kwenye dagaa hukohuko kuna somo ambalo mi nalipenda sana. Zamani wavuvi walikuwa wanawashia karabai usiku wa giza kuwavuta dagaa, mafuta ya taa lita kwa lita kila usiku, soksi zinapasuka, kioo kinavunjika, upepo ukivuma imezima. Leo mitumbwi mingi ukiiona usiku utadhani mji unaelea, ni taa za LED za betri na sola. Hakuna mkutano wa Paris uliowahamisha. Mafuta ya taa yalikuwa yanakula faida kila usiku, taa ya LED ikaja inauzika dukani, betri unaipeleka kuchaji kwa malipo ya siku, ikikufa kuna fundi palepale mwaloni. Mvuvi akapiga hesabu ya usiku mmoja, akaona inajibu. Hesabu ya usiku mmoja, si ya miaka mitano.

Ghana wana la kwao pia. Kule Accra kuna mtaa wa wavuvi unaitwa Chorkor, na jiko la kukaushia samaki kwa moshi lililobuniwa na wataalamu pamoja na akina mama wa pale likabeba jina la mtaa, trei zinapangwa moja juu ya nyingine, kuni chache samaki wengi, likasambaa Afrika Magharibi nzima. Baadaye Senegal, kwenye chuo cha Thiaroye, FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, wakaliboresha, likaongezwa trei la kukinga mafuta ya samaki yasidondokee moto, maana mafuta yakidondokea moto yanaleta zile kemikali za moshi zinazofanya samaki wako wakataliwe Ulaya. Jiko hili jipya ni zuri mno na linalinda mapafu ya mpikaji. Lakini ni ghali kuliko lile la zamani, na mama anayemuuzia mteja wa sokoni kwao haongezewi hata senti kwa samaki safi zaidi. Faida inaonekana kwa anayeuza nje tu, au kwa kikundi kilichonunua pamoja wakagawana kazi. Kwa hiyo usishangae ukikuta banda zuri limejengwa na mradi limegeuka stoo, uliza kwanza samaki waliotoka humo waliuzwa shilingi ngapi zaidi.

Haya, hela. Si tunaambiwa kuna mabilioni ya tabianchi? Yapo. Climate Policy Initiative, taasisi inayofuatilia fedha za tabianchi, walipiga hesabu za 2019 na 2020 wakakuta wakulima wadogo na wafanyabiashara wadogo wa chakula, duniani kote, waliambulia asilimia 0.8 tu ya fedha zote za tabianchi. Haijafika hata shilingi moja kwenye mia. Sababu ni rahisi tu, hela kubwa inapenda mtu mmoja mkubwa. Kukagua mkopo wa bilioni na kukagua mkopo wa laki tano karatasi ni zilezile, sasa benki atahangaika na laki tano ya nini?

Huku chini kwa hiyo kunabaki njia chache. Kuna ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu, haina riba, jambo jema sana, ila ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024 na utaratibu mpya, na aliyekuwa amepanga kununua jiko kwa mkopo ule alibaki anaangalia dari. Kuna vikoba na kijumbe, ndo benki ya kweli ya mama lishe. Na kuna kausha damu. Unakopa laki moja unarejesha kila siku au kila wiki kwa riba ya kumtoa mtu roho, wengine wanapitia hata kwenye simu. Ukimwambia mtu aliye kwenye kausha damu abadilishe jiko kwa mkopo mwingine, hata ukiwa wa kijani, atakutazama tu.

Halafu kuna kaboni, na hapa watu wengi wanapotea njia kwa hiyo nitaenda taratibu. Kampuni inakuja inauza jiko banifu kwa bei ya chini kabisa, la elfu 80 unalipata kwa 15,000 mfano. Hela iliyobaki nani kalipa? Kampuni inapiga hesabu, jiko hili litaokoa kuni kiasi hiki, kuni hizo zisipochomwa ni tani kadhaa za hewa ukaa hazikupanda angani, tani hizo zinaandikwa cheti, cheti kinauzwa kwa shirika la ndege au kampuni ya Ulaya inayotaka kusema imesafisha uchafu wake. Si dhambi, na kuna watu wamepata majiko mazuri kwa njia hii. Tatizo ni hesabu. Januari 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walitoa utafiti kwenye jarida la Nature Sustainability wakaonyesha kwamba miradi ya majiko waliyoichunguza ilijiandikia tani kama mara tisa ya zilizookolewa kweli. Kwa mfano mradi unahesabu kwamba jiko linatumika kila siku na lile la zamani limetupwa, wakati wewe ukipita unayakuta yote mawili yanawaka.

Mama inamhusu vipi? Inamhusu kwa sababu bei ya jiko lake imesimama juu ya cheti. Wanunuzi wakishtuka bei ya vyeti inaanguka, na ofa ya elfu 15 inayeyuka, na spea hazipatikani tena. Na mara nyingi alipolipokea alisaini karatasi kwamba haki ya ile hewa ukaa ameiachia kampuni, bila kujua ameuza kitu. Kenya wameweka kwenye sheria yao ya 2023 kwamba miradi ya kaboni ya ardhi iipe jamii asilimia 40 ya mapato na isiyo ya ardhi asilimia 25. Ni mwanzo, ijapokuwa kwenye majiko sijui utaiitaje jamii, wateja elfu ishirini waliotawanyika mji mzima hawana mwenyekiti.

Kwa upande wa vitu vilivyofanya kazi, ukiviangalia utakuta karibu vyote vimeiga kopo la mkaa, unalipa kidogo kidogo kadiri unavyotumia. Hapa Dar kulikuwa na wabunifu wa KopaGas, wakafunga mita kwenye mtungi, unalipia kwa simu gesi ya buku, ya 2,000, ikiisha unaongeza kama LUKU, mtungi si wako ni wa kampuni. Mwaka 2020 teknolojia ile ikanunuliwa kwa dola milioni 25 na kampuni ya Uingereza ambayo ikaipeleka Kenya pia. Nigeria kuna ColdHubs, vyumba vya baridi vya sola vinajengwa sokoni, mchuuzi wa nyanya hanunui friji, analipia kreti kwa siku, akiuza zote jioni halipii kesho. Wote hao hawakuhubiri. Waliangalia hela ya mteja inaingiaje, wakapanga bei ifanane nayo.

Bado lakini kuna vitu ambavyo mita haiwezi kutatua. Cha kwanza ni mahali. Oktoba 2021 machinga na mama lishe waliondolewa pembezoni mwa barabara wakapelekwa maeneo maalumu, sitaki kuingia kwenye ubishi wa nani alikuwa sahihi, lakini jiulize kama wewe hujui mwezi ujao utakuwa umekaa wapi utajenga jiko la kudumu lenye bomba la moshi? Jiko la mkaa lina sifa moja kuu: unalibeba na mkono mmoja ukikimbia. Cha pili ni serikali kutulia. Kenya gesi ilirudishiwa VAT ya asilimia 16 mwaka 2021, 2022 ikashushwa 8, 2023 ikaondolewa. Mwenye supamaketi anavumilia, mwenye kibanda aliyehama mkaa 2020 kwa kusikia gesi haina kodi, mwaka uliofuata alishikwa shati.

Na tusijifanye mkaa hauna watu. Kuna anayeuchoma kule Kilosa au Handeni, kuna anayeubeba kwa pikipiki usiku magunia manne, kuna mama anayeupima kwa makopo kibarazani. Nao ni wafanyabiashara wadogo na hakuna mkutano unaowataja ila kwa lawama. Kilosa kuna vijiji vilijaribu njia tofauti kuanzia 2012, msitu wa kijiji ukagawanywa vitalu, kinavunwa kimoja vingine vinapumzika vichipue, ushuru unaingia kijijini unajenga darasa au zahanati. Wapo wanaoona ni kuuchekea mkaa. Mi naona mtu akisema mpito wa haki halafu mchoma mkaa hayumo kwenye bajeti yake, amesahau nusu ya neno.

Nirudi Buguruni. Kinachokula mkaa zaidi kwa huyu mama ni maharage, saa mbili tatu yanachemka. Sasa sufuria la umeme la presha linapika kilo moja ya maharage kwa umeme usiofika uniti moja, na uniti kwa bei ya kawaida ni 350 na kitu, mkaa wa kazi hiyohiyo haupati kwa hela hiyo hata ukimbembeleza muuzaji. Nilipomwambia hakuniamini, na hakuwa na haja ya kuniamini, kizingiti chake kilikuwa kingine: stendi hana umeme, na nyumbani amepanga, LUKU ni moja wapangaji watano, mama mwenye nyumba kapiga marufuku pasi na majiko ya umeme kwa sababu uniti zikiisha ugomvi unakuwa wa nyumba nzima.

Walikaa wakazungumza wenyewe, kitu ambacho hakuna mradi uliokifikiria. Anaongeza elfu tano kila mwezi juu ya mchango wake wa umeme, na anapika baada ya saa nne usiku wengine wakishalala. Zamu yake ya kijumbe ilipofika akanunua sufuria lenyewe, la lita sita, lisilo jipya. Linaingia kilo moja na kidogo, kwa hiyo anazungusha mara tatu, ya kwanza analisubiri macho, za mwisho binti yake anaamka kubadilisha. Asubuhi anakuja stendi na ndoo ya maharage yaliyokwisha kuiva, anayaunga pale kwa nazi kwenye makaa kidogo. Mkaa wa alfajiri umeshuka kutoka 3,000 hadi buku.

Wali bado ni mkaa. Nilimgusia tena habari ya gesi juzi, akasema wali usiopaliwa wateja wataujua siku hiyohiyo, na ndo ukweli, maana mi wa kwanza nitaurudisha.